Roboti za Mkono wa Kulia

Tabora,
16 Februari 2025

Binamu Valentino,

Mwangaluka huko Ulyankulu. Sisi hapa wazima. Mvua inanyesha, mahindi ya shule yamefika kiunoni, na maharage ya mchana yana wadudu kama kawaida. Mama anakusalimu kutoka Kigwa, anasema mwana wa kaka yake ameota ndevu hata hataki tena kumtembelea shangazi yake. Mimi nimemwambia ndevu zenyewe ni tatu.

Usifurahi, sijakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nina shida. Kura ya mashindano ya roboti imepigwa na shule yetu imepangwa kundi moja na yenu. Utakuwa umeambiwa, lakini nakujua, ukiambiwa jambo asubuhi linakufikia jioni, kwa hiyo narudia. Ukumbini watatandika mbao na kuchora ile njia ya misafara ya zamani kwa mstari mweusi. Roboti yetu, Mpagazi, itabeba kifuko cha chumvi kutoka Kigwa mpaka Tabora. Hapo itaikabidhi roboti yenu, nayo itakimbia nacho mpaka Ulyankulu. Hakuna rimoti, hakuna kusukuma. Mkono wa mtu ukigusa roboti yoyote kabla ya filimbi ya mwisho, kundi zima limetoka.

Mwaka jana chumvi yetu ilimwagika mbele ya mgeni rasmi. Mkuu wa shule akatuambia ikianguka tena mwaka huu, chumba cha klabu kinageuzwa stoo ya magodoro na sisi tunarudi kufyeka nyasi kama wenzetu. Vale, chumba hicho ndicho kitu pekee hapa shuleni kinachoniamsha kwa hiari yangu. Kikifungwa sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Kwa hiyo niandikie upesi: bakuli lenu la kupokelea liko juu kiasi gani kutoka chini, na roboti yenu inakwendaje? Mwalimu Elieth, mlezi wetu, amempigia mwalimu wenu mara mbili akaambiwa hakuna mtandao. Sisi simu haturuhusiwi, nanyi pia. Imebaki karatasi. Mpe dereva wa basi la asubuhi, atashusha dukani kwa Maua, getini kwetu.

Usichelewe. Nimesema usichelewe.

Agnetha

*

Ulyankulu,
30 Machi 2025

Shikamoo binamu Agnetha,

Najua nimekuzidi miezi, lakini kwa ukali wa barua yako nimeona nikuamkie. Huku ni wazima. Shule imepata tangi jipya la maji na tayari limeziba. Baba alipita hapa akitoka Goweko, tumbaku yao imekubali mwaka huu, Bibi Pelagia ana kikohozi lakini mdomo haujambo.

Kuna neno moja la nyumbani. Mwiko wa Bibi umepotea tangu ile likizo ya Krismasi. Ule wa mninga aliomchongea marehemu Babu Masanja walipokuwa wachumba, ulioliwa upande mmoja kwa kusonga ugali miaka yote hiyo. Bibi anasema nimeuvunja mimi nikautupa chooni. Ushahidi wake ni kwamba mimi ndiye niliyevunja chungu nikiwa darasa la pili. Baba amenisomea shtaka hilo mbele ya wenzangu. Wewe uliondoka siku moja na mimi, hebu nikumbushe, mara ya mwisho uliuona wapi?

Haya, ya kwako. Bakuli letu liko sentimita kumi na mbili kutoka chini. Roboti yetu inaitwa Punda na usicheke. Tuna mota mbili mpya, inakwenda mbele na nyuma utakavyo. Programu anaandika Nizigiyimana, msichana wa darasa letu ambaye huwezi kubishana naye ukashinda. Wewe lete chumvi tu, kupokea si kazi.

Punguza presha. Haraka haraka haina baraka.

Valentino

*

Tabora,
27 Mei 2025

Valentino,

Salamu nazifupisha. Mama mzima, mimi nilikuwa na malaria nimepona.

Barua yako ya Machi nimeipata Mei. Matroni Levina anafungua barua zote zinazotoka kwa wavulana, na hii aliiona imetoka kwa mtu anayeitwa Valentino, halafu humo ndani kuna mambo ya kupokea si kazi. Akaifungia kabatini. Mwalimu Elieth ndiye aliyemweleza kwamba wewe ni mtoto wa mjomba wangu na Punda ni mashine. Ameniachia, lakini ananiangalia vibaya mpaka leo. Kwa hiyo ujue, hata hii ameisoma kabla yako. Shikamoo Matroni.

Sasa ya jaribio la Jumamosi. Ulikuwepo, uliona, lakini mabasi yaliondoka kabla sijakuambia ninachofikiri, na pengine Mungu alifanya makusudi. Chumvi imeanguka chini. Mpagazi ilifika Tabora vizuri, ikasimama sambamba na Punda, ikanyosha mkono wake wa kulia na kumwaga mzigo hewani. Kwa sababu bakuli la Punda nalo liko kulia. Roboti mbili zinatazama upande mmoja, moja inatoa kwa kulia na nyingine inapokea kwa kulia. Zitakutana wapi?

Nimekaa nikajiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza jambo la wazi namna hiyo. Jibu ni Bibi. Mimi na wewe tumelelewa jiko moja, na nani aliwahi kunyosha kushoto pale akapewa hata kipande cha muhogo? Ulikuwa ukinyosha kushoto unapigwa kofi la mkono na muhogo unarudi chunguni. Basi tumekwenda kuzifundisha hata mashine, na hatukuandikiana kwa sababu kwetu sisi hakuna mkono mwingine.

Mkuu wa shule amesema jaribio hatalihesabu. Septemba ndiyo atahesabu.

Dawa ni rahisi. Punda isubiri imegeuka, itazame ninakotoka. Hapo kulia kwake kutakuwa kwangu. Ikishapokea, ijigeuze kuelekea Ulyankulu iende. Una mota mpya zinazokwenda mbele na nyuma, kwa hiyo kugeuka ni kazi ya kupepesa jicho. Niandikie kwamba umekubali.

Agnetha

*

Goweko,
22 Juni 2025

Binamu,

Niko likizo kwa Bibi. Kikohozi kimeisha. Anauliza kwa nini wewe hukuja. Nimesema umebaki kambi ya masomo, akasema masomo gani hayo yasiyojua njia ya Goweko. Ugali wake siku hizi una madonge. Anasongea kipande cha ubao alichookota kwenye bani la kukaushia tumbaku, na kila akinipakulia ananiambia, kula, ni kazi ya mikono yako. Nakula.

Kuhusu Punda kugeuka, hapana. Wenzangu hawajakubali. Ni kupoteza muda bure, makundi mengine yatatupita wakati sisi tunazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Wewe hamisha mkono wa Mpagazi uende kushoto. Ni skrubu nne, niliziona mwenyewe. Sisi bakuli hatuwezi kulihamisha kwa sababu kushoto kuna betri, tukiweka vyote upande mmoja Punda inalala chini.

Kama unaogopa kwamba Bibi atakusema kwa kutoa kwa kushoto, roboti haina ubatizo.

Valentino

*

Tabora,
13 Julai 2025

Valentino,

Hamjambo.

Mkono wa Mpagazi hauhamishiki. Usiniulize kwa nini. Nimejaribu, mzigo unakwama ukingoni hauteremki. Ukinyoshwa kulia unateremka vizuri. Basi, umeshajua inatosha.

Wewe ndiye mwenye mota mpya. Wewe ndiye mwenye Nizigiyimana asiyeshindwa ubishi. Ninachokuomba ni kuzunguka mara moja tu, na unaniambia wenzako hawajakubali. Wenzako gani? Nilipokuja jaribio niliwaona, ni huyo msichana mmoja na mvulana wa kubeba waya. Sema tu kwamba hutaki kuambiwa la kufanya na mtoto wa shangazi. Tangu tukiwa wadogo uko hivyo hivyo, ukitumwa maji unakaa chini kwanza ili ionekane umekwenda kwa hiari yako.

Nimeumia, Vale. Sisemi kwa utani. Mimi na wewe ni watani, tunatukanana tangu tujue kusema, lakini hili si la utani. Jana walileta magodoro ishirini mapya wakayapanga nje ya mlango wa klabu, wakisubiri.

Agnetha

*

Ulyankulu,
10 Agosti 2025

Agnetha,

Huku wazima. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikianza kujibu nachana. Leo sichani.

Mkono wa Mpagazi hauhamishiki kwa sababu ni mwiko wa Bibi. Niliutambua siku ya jaribio, kabla hata haujainuka. Umeupaka rangi ya fedha, sawa, lakini mimi nimelambishwa mwiko ule tangu sina meno. Upande ulioliwa ndio unaoteremsha chumvi. Ukiuhamisha kushoto ule upande mnene unaizuia. Nilisimama pale ukumbini nikijua, nikanyamaza. Nikaenda Goweko likizo nzima nikala madonge kwa kosa lako, na nikanyamaza. Bibi aliniambia siku moja, mbele ya majirani, kwamba mtoto mwongo anaonekana kwa macho. Nikainamisha macho. Halafu unaniambia mimi hutaka ionekane nimekwenda kwa hiari yangu.

Matroni Levina, kama unasoma, nisamehe, lakini nimechoka.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mota mpya nilikuwa nazo mpaka Februari. Nilifunga waya za betri kinyume, moja ikatoa moshi mbele ya darasa zima. Nilipokuandikia Machi ilikuwa imeshaungua. Ile iliyopo nimeitoa kwenye printa mbovu ya ofisi, na inakwenda mbele tu, nyuma haijui. Punda haiwezi kujigeuza pale iliposimama. Sikukuambia kwa sababu ungecheka, na ungekuwa na haki, mimi ndiye niliyejisifu. Wenzangu wengine walijitoa mwezi wa nne.

Nizigiyimana ananiambia mimi na wewe ni wajinga wa ukoo mmoja. Nimemwambia asiingilie.

Valentino

*

Tabora,
24 Agosti 2025

Valentino,

Shikamoo. Leo naisema bila kejeli.

Sina la kujitetea. Nilikuwa nimejaribu kuutengeneza mkono wa Mpagazi kwa plastiki, bati, mbao za sanduku, kote mzigo unanata. Siku ya kuondoka nikauona mwiko umelala juu ya chungu, nikajua hapohapo. Ningeomba ningenyimwa. Sikujua ungebebeshwa wewe, na nilipojua nikaogopa zaidi. Ndiyo maana sikuja Juni. Usimwambie Bibi, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nimemwalika ukumbini Septemba, aje mapema, nimweleze kabla mashindano hayajaanza.

Matroni aliniita ofisini. Nilidhani nimekwisha. Akaniuliza tu, huyo bibi yako anasongea nini sasa? Nikasema ubao. Akatikisa kichwa, akanipa barua.

Sasa nisikilize. Nimeweka daftari pembeni nikalia kwanza, kwa hasira, halafu nikafikiri. Mota inayokwenda mbele tu inaweza kugeuka. Gurudumu moja lisimame, lingine lizunguke kulizunguka hilo, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Shida yake ni kwamba Punda ikimaliza kugeuka inakuwa imehama pembeni, imeukosa mstari. Basi usiisimamishe juu ya mstari tangu mwanzo. Isimamishe pembeni kwa upana wa Punda yenyewe, na ikigeuka itaangukia kwenye mstari. Sheria zinasema isubiri ndani ya duara la Tabora tu, na duara ni kubwa. Mpe Nizigiyimana.

Kazi ya jioni moja, Vale. Ungesema Machi tungekuwa tumemaliza Machi. Nami ningesema Februari. Nikifikiria hivyo natamani kugonga kichwa ukutani.

Agnetha

*

Ulyankulu,
23 Septemba 2025

Agnetha,

Sijambo, na sitaki kujua kama wewe hujambo.

Chumvi ilipita. Niliona kwa macho yangu. Mpagazi ilinyosha, Punda ikapokea, ikajizungusha kama mbuzi wako na kuangukia kwenye mstari, nami nikakimbia pembeni yake mpaka Ulyankulu. Imefika pale mota ya printa ikaanza kunuka moshi. Filimbi ikalia, nikaibeba nje mbio nisije kuwachomea ukumbi. Niliporudi mlangoni mwalimu wetu akanishika shingo, ingia kwenye gari, tumetolewa. Kwa nini? Mkono wa mtu umegusa roboti kabla ya filimbi. Roboti ipi? Ya wenzenu wa Tabora. Nani? Hajui, yeye alikuwa anatafuta dereva.

Njia nzima mpaka huku Nizigiyimana alikuwa anafungua skrubu za Punda na kuzifunga tena.

Niambie ni nani kati yenu. Kama ni wewe ulishindwa kujizuia ukaigusa Mpagazi kwa furaha, sema. Nimekula madonge, nimeitwa mwongo, nimeunguza mota mbili. Nina haki ya jina.

Valentino

*

Tabora,
5 Oktoba 2025

Binamu yangu Valentino,

Nakuamkia wewe na Nizigiyimana. Nilitaka kukujibu siku ileile, lakini kila nikianza nacheka, halafu nalia, halafu Matroni anakuja kuuliza kuna nini.

Jina ni Pelagia.

Gari alilopanda liliharibika Kigwa. Nilimsubiri mlangoni tangu asubuhi na maneno yangu yote tayari, mpaka wakatuita ndani. Aliingia chumvi ikiwa imeshapita. Ukumbi mzima ulikuwa unaiangalia Punda, na wewe unakimbia umevua kiatu kimoja. Mpagazi ilikuwa imesimama peke yake Tabora, kazi imekwisha. Bibi hakuiangalia Punda. Alisimama pale na kitenge chake kipya, akainamisha shingo, akaitazama Mpagazi muda mrefu. Rangi ya fedha haikumsumbua hata kidogo. Akavuka kamba ya kuzuia watazamaji.

Nilikuwa upande wa pili. Nilimwita, kelele zikanimeza.

Akainama, akanyosha mkono wake wa kulia. Sasa unajua jicho la Mpagazi, kile kihisi cha ubavuni, likiona kitu kimesogea kulia kwake linafanya nini, ndilo tulilolifundisha mwaka mzima. Mwiko ukashuka polepole mpaka kiganjani mwake. Ilimpa, Vale. Kwa kulia, na kwa kuinama kidogo. Bibi akaupokea, akauvuta, skrubu mbili zikaruka, na mimi ndiyo nikafika. Filimbi yako ililia baada ya hapo. Mwamuzi alikuwa ameshainua kitambaa.

Bibi akanitazama. Nikapiga magoti, nikasema ni mimi, si Valentino, tangu mwanzo ni mimi. Watu wamesimama wanatuangalia. Akaugeuza mwiko huku na huku, akakwangua rangi kwa ukucha, akasema: "Hiki chombo kimefundwa. Kina adabu kuliko aliyekitengeneza." Halafu akaufunga kwenye kitenge akaenda kukaa.

Nilijua klabu imekwisha. Tumetolewa, tumeaibika, magodoro yako mlangoni. Mkuu wa shule alinikuta nimekaa chini naokota skrubu. Akaniuliza, chumvi ilianguka? Nikasema hapana, ilifika, lakini tumetolewa. Akasema, sikukuuliza hilo. Akaondoka. Jumatatu nilikwenda kule nikiogopa hata kupinda kona, nikakuta magodoro yamehamishiwa bwenini na ufunguo uko kwenye msumari wake. Nimekaa humo ndani saa nzima bila kufanya chochote.

Hatuendi popote mwaka huu, kundi lililotufuata limechukua nafasi yetu na roboti yao mbaya kama nini. Inaniuma na itaniuma. Mpagazi haina mkono. Bibi amekataa kuurudisha mwiko, anasema tukitaka mwingine twende Desemba tukachonge wenyewe, mninga upo.

Na wewe ana neno lako. Hakusema samahani, unamjua. Alipokuwa anapanda gari aliniuliza unafunga lini shule. Nikamwambia. Akasema yule jogoo mwekundu asiguswe na mtu mpaka Valentino afike, na ugali atakusongea yeye mwenyewe.

Ni mimi, mtoto wa shangazi yako,
Agnetha